Msakristia wa Ukoo wa Kardinali

Sifa na shukrani zimwendee Mungu, ambaye kila ukoo umetoka mkononi mwake, mkubwa na mdogo, wenye kitabu na usio na kitabu. Ndiye aliyetuvusha ziwa Tanganyika tukiwa na nguo tulizovaa tu, akatulisha kambini miaka kumi na mitano, kisha akatuleta Saint Paul, huku Amerika, katikati ya Januari, na hakuna kidole cha mtoto wangu kilichopotea kwa baridi. Kabla sijamsimulia mtu, namwomba anishike ulimi, kwa kuwa huyu nitakayemsimulia nilimdhania mabaya kwa muda mrefu.

Tulimwita Msakristia. Jina alikuwa nalo, refu, lenye vipande vinne, lakini katika parokia yetu ya Frogtown kila mtu alimwita kwa kazi yake ya kutunza vyombo na vitambaa vya altare, na yeye alipenda hivyo. Alikuwa Mwitaliano, amenizidi miaka kama kumi, mwembamba, shingo ndefu, mikono inayonuka nta. Mimi nilikuwa katekista kwetu Kongo, upande wa Fizi, kwa miaka ishirini na miwili. Misa ya Kiswahili ilipoanzishwa pale, padri aliniweka kupanga masomo na wasomaji. Kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi tulikuwa wawili sakristiani, yeye akipiga pasi vitambaa vya altare, mimi nikitia alama katika kitabu cha masomo. Tulizungumza Kifaransa. Chake alikipata shuleni kwa masista, changu kwa mapadri. Vyote viwili vilikuwa vimezeeka, vikaelewana.

Pasi yake haikuguswa na mtu. Kitambaa cha kufutia kalisi, kikombe cha divai ya Misa, alikikunja mara tatu kwa urefu, akakibonyeza kwa kiganja, akakitazama kama mtu anayesoma barua. “Watu huona altare,” alisema, “mimi naona vumbi lake.” Siku mama zetu walipoleta kitenge cha kijani na njano ili kitandikwe altareni sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, alikishika kwa ncha za vidole.

“Hiki kitachuja rangi,” akasema.

“Kitachuja kwa nani?” akajibu mke wangu kwa Kiswahili, akijua hataelewa. “Mwambie nguo yangu ya arusi ilikuwa hii hii, na bado nimeolewa.”

Msakristia alikichukua. Wiki iliyofuata tuligundua alikuwa amekifua mara tatu kwa maji ya chumvi nyumbani kwake, akakishona pindo kwa mkono, na sikukuu yenyewe alisimama mlangoni akiwaonyesha Wamarekani waliokuja: “Tazameni pindo.” Alikuwa hivyo. Alijivuna, kisha akapiga magoti kukwangua nta sakafuni. Alitucheka, kisha akatufulia.

Alichopenda kusimulia ni ukoo wake. Walikuwa watu wakubwa, alisema, katika mji mmoja wa mlimani, siku nyingi kutoka Roma kwa farasi. Walilitolea Kanisa maaskofu wawili na kardinali mmoja. Walijenga kanisa dogo ndani ya nyumba yao ili wasisali na wakulima, kisha kuta zikapata ufa, wakalazimika kusali na wakulima miaka arobaini. Ndugu wawili, mmoja askofu na mwingine mwanajeshi, waligombania mahali pa kuzikwa chini ya altare mpaka wakazikwa wote wawili nje. Hakuficha aibu zao. Alizisimulia akipiga pasi, bila kuinua uso, kama anayesimulia mvua.

Lakini habari zake zilibadilika. Jumamosi moja Kardinali alikuwa “baba mdogo wa babu wa babu yangu.” Jumamosi nyingine alikuwa “babu yetu Kardinali,” ambaye pete yake ilirithiwa na mwanawe.

Nikaweka kalamu chini. “Mzee, Kardinali alikuwa na mwana?”

“Ndiyo.”

“Kardinali wa Kanisa Katoliki?”

“Katekista, unanihoji kama polisi wa uwanja wa ndege.” Akacheka peke yake, akanyunyiza maji kwenye kitambaa. “Kila nyumba kubwa ina mlango wa nyuma.”

Sikucheka. Mtu aliyehojiwa kambini hujifunza kusikiliza kwa namna yake. Ofisa alituuliza watoto wangapi, nani alitangulia, nani alizaliwa wakati wa vita gani. Baada ya mwaka akaja mwingine na maswali yale yale. Jibu likitofautiana hata kidogo, dosye yako, yaani faili lako, inalala. Tulijifunza kwamba habari inayobadilika ni uongo. Basi na mimi nilimsikiliza Msakristia kwa masikio ya ofisa. Nikaamua moyoni kwamba ama mtu huyu anatudanganya, ama ametoka katika uzao wa dhambi na anauonea fahari mbele ya vyombo vitakatifu.

Hapo lazima niseme habari ya Byamungu, maana bila yeye hofu yangu haieleweki.

Watu wote hapa wananiita Baba Byamungu. Mke wangu ni Mama Byamungu. Byamungu alizaliwa na mdogo wangu, ambaye aliuawa pamoja na mkewe mtoto akiwa na miezi minane. Nilimchukua siku hiyo hiyo. Kambini tulipoandikishwa, ofisa aliuliza, “Watoto wako?” nikamtaja yeye wa kwanza. Sikudhani ninadanganya. Kwetu mtoto wa mdogo wangu ni mwanangu, hata mdogo wangu akiwa hai na amekaa pembeni anakunywa chai. Lakini safari ilipopatikana, Byamungu alikuwa mgonjwa wa kifua, akazuiwa, wakatuambia atafuata. Sisi tukapanda ndege, yeye akabaki, na kila mwezi nilingoja ofisi imruhusu.

Jumamosi moja, nikiwa mchovu, nilimweleza Msakristia yote, hata habari ya mdogo wangu. Aliinua pasi. Aliuliza maswali mengi kuliko kawaida yake. Baba aliyemzaa aliitwa nani? Alibatizwa wapi? Kuna karatasi? Niliporudi nyumbani nikamwambia mke wangu.

“Umemwambia mzungu?” akasema. “Baba Byamungu, we! Jambo ambalo hata padri hatujamwambia?”

“Ni mtu wa kanisa.”

“Mtu wa kanisa. Kile kiti chake umekisahau?”

Sikuwa nimekisahau. Mara moja tulimpelekea supu akiwa na mafua. Alikaa katika nyumba ndogo karibu na barabara ya University, juu ya duka la vitambaa la Wahmong, wakimbizi wa Asia waliotutangulia. Mlango wa mbele ulifungwa kwa komeo na kuwekwa kabati, ikabidi tupande ngazi za nyuma zenye barafu na kuingilia jikoni. Chumbani kulikuwa na kiti kimoja kizuri, chenye velveti nyekundu iliyochakaa, na kiti hicho kilikuwa kimeelekezwa ukutani.

“Mzee,” nikamwuliza, “kiti kile kwa nini kinatupa kisogo?”

“Kinamngoja Baba Mtakatifu.”

“Anakuja Frogtown?”

“Hajasema haji.”

Kisha akaeleza kwamba zamani nyumba za namna yao ziliweka kiti ambacho hakikukaliwa na mtu ila Papa akizuru. Askari walipomnyang'anya Papa mji wa Roma, wazee wake walikigeuza kiti ukutani na kufunga mlango mkubwa kwa kilio, na kwa vizazi wakaingilia jikoni, mabwana na mabibi, wakipishana na kuku. Mlango ulikuja kufunguliwa Papa alipopatana na serikali. “Babu yangu hakuridhika na mapatano,” alisema. “Na mimi ninamheshimu babu.”

Tulishuka ngazi polepole, mke wangu amenishika mkono. Tulipofika chini akasema, “Kiti hakigeuzwi bure. Kwetu unamjua anayekaa kwenye kiti cha namna ile.”

“Nani?”

“Usinitajishe.”

Nilikuwa nimefundisha katekisimu miaka yote ile na kukemea imani za uchawi. Hata hivyo, Jumamosi iliyofuata nilipompa mkono, niliupangusa kwenye suruali.

Tena kulikuwa na barua. Kila Jumatatu alionekana posta akituma bahasha ndefu, anwani imeandikwa kwa wino mweusi. Nilimwuliza anamwandikia nani. Akasema, “Mtu anayeniombea.”

Wiki saba baada ya mimi kumweleza habari za Byamungu, ikaja barua kutoka ofisi ya wakimbizi. Binti yangu aliisoma, akatufafanulia kwa Kiingereza chao cha haraka, mama yake akamlazimisha arudie kwa Kiswahili. Ilisema kuna mashaka juu ya uhusiano wangu na kijana ninayemwita mwanangu. Dosye imesimamishwa. Nieleze.

Mke wangu hakulia. Alikaa kitandani akahesabu kwa vidole wale waliokuwa wanaijua siri: yeye, mimi, Byamungu mwenyewe. Kidole cha nne akakiinua bila kutaja jina.

Tangu hapo nikamtendea Msakristia kama mtu unayemjua kuwa ni mwizi na huna shahidi. Nilifika, nikatia alama katika kitabu, nikaondoka. Alipoanza habari za maaskofu wake nilisema nina haraka. Nilizichunguza bahasha zake zilipokaa mezani. Nilimwona hapokei Komunyo katika Misa yetu hata mara moja, nikasema moyoni: bila shaka, dhamiri inamkataza. Baadaye nilijua kwamba alipokea kila siku katika Misa ya asubuhi na mapema, nasi tulikuwa bado tumelala. Lakini mwenye mashaka hana haja ya kuuliza. Nilikaa hivyo karibu mwaka mzima, nikisali rozari kila siku, na kila siku nikimtoa mtu huyo katika watu ninaowaombea.

Mwishowe nilikwenda kwa wakili mmoja wa msaada, mama mpole, nikamwambia nataka kujua ni nani aliyepeleka habari zangu ofisini. Akaomba nakala ya dosye. Ilipokuja akaipindua ukurasa kwa ukurasa, akaniwekea karatasi moja mbele.

“Hakuna mtu aliyesema,” akasema. “Ni hii.”

Kilikuwa cheti cha ubatizo cha Byamungu. Ofisi ilikuwa imemwomba karatasi yoyote ya kuzaliwa, naye akafungua sanduku tulilomwachia, akapeleka hicho bila kutuambia, akifurahi kwamba amepata. Mahali palipoandikwa *baba* palikuwa na jina la mdogo wangu. Wino wa buluu, herufi zimesimama wima kama askari. Huo ulikuwa mwandiko wangu. Siku ya kumbatiza mtoto, wiki mbili baada ya mazishi, mimi ndiye niliyejaza daftari la ubatizo na cheti, padri akatia sahihi. Katekista haandiki uongo katika daftari la ubatizo. Niliandika ukweli, nikasahau kwamba niliuandika, kisha nikamtafuta mtu wa kumlaumu kwa ukweli ule.

Jumamosi nilikwenda sakristiani nikiwa na nia ya kumwomba radhi. Sikuweza. Nilichoweza ni kuuliza, “Mzee, yule mwana wa Kardinali. Alizaliwa na nani?”

Ilikuwa miezi mingi sijamwuliza kitu.

“Alizaliwa na ndugu yake Kardinali,” akasema. “Ndugu alikufa kwa homa. Kardinali akamchukua mtoto, akampa jina, akampa pete, akamwachia nyumba. Kwa hiyo kwa damu Kardinali ni baba mdogo. Kwa nyumba ni baba. Nikisema hivi leo na vile kesho, sijasema uongo hata mara moja.”

Nikakaa chini. Neno ambalo kwetu mtoto wa miaka mitano angelielewa bila kufafanuliwa, mimi niliyeishi ndani yake nililigeuza kashfa, kwa sababu tu lilitoka kinywani mwa mzungu. Nilidhani wao wana baba mmoja mmoja, kama fomu zao zinavyosema.

Nikamweleza habari ya cheti. Sikumweleza habari ya mashaka yangu. Alizima pasi, jambo ambalo sikuwahi kuliona katikati ya kazi.

“Kardinali naye aliandika,” akasema. “Katika kitabu cha nyumba aliandika kwamba kijana ni wa ndugu yake, na mstari wa chini akaandika kwamba ni mwanawe. Hakufuta mmoja ili mwingine usimame. Waandikie hao yote mawili.”

“Wakikataa?”

“Watakuwa wamekataa ukweli. Sasa wanakataa nusu yake.”

Niliandika barua hiyo kwa siku tatu, wakili akaifasiri. Hata wakati wa kuitia sanduku la posta nilijiuliza kama mzee yule ananipoteza. Mazoea ya kushuku hayaondoki kwa siku moja. Ni kama harufu ya moshi katika blanketi.

Kisha Msakristia akaanguka ngazini, zile ngazi za nyuma, akapelekwa katika nyumba ya wazee huko Golden Valley. Majira mawili yakapita nikisema nitakwenda. Nilikwenda Jumamosi moja ya vuli, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni radhi niliyodaiwa. Ya pili ni kwamba Byamungu alikuwa ameitwa kuhojiwa upya Jumatatu, peke yake, na kwa hofu sikuweza kukaa nyumbani.

Mhudumu wake alikuwa dada wa Kikenya. “Wewe ndiye katekista?” akasema. “Ai, baba, tumekungoja sana! Huyu babu ame-refuse breakfast, anasema leo ana mgeni kutoka Vatican.”

Alikuwa amepungua, shingo imekuwa ndefu zaidi. Nilivuta kiti, nikamweleza yote kwa mpangilio: ofisi, bahasha, Komunyo, mkono nilioupangusa. Alisikiliza amefumba macho.

“Nilijua,” akasema. “Uliacha kuniaga.”

“Kwa nini hukuniuliza?”

“Nilidhani umetumwa na halmashauri ya parokia kuchunguza kama nimezeeka mno kwa kazi. Maswali yale yote! Nikasema, huyu Mkongo mpole, ni jasusi.” Akafungua jicho moja. “Barua zilikuwa za dada yangu. Ni mtawa wa ndani, hatoki. Ndiye anayeniombea.”

Simu yangu ikalia. Kule kambini jioni ilikuwa inaingia.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Jumatatu ninaingia.” Sauti yake ilikuwa ndogo. “Wakiniuliza baba yako ni nani, niseme nini? Nikikutaja wewe watatoa kile cheti. Nikimtaja marehemu, watasema basi mzee wa Amerika ni nani kwako. Baba, nipe maneno niyashike.”

Maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima, tangu basi la kwanza. Msakristia akanivuta mkono wa koti, akauliza kijana anasema nini. Nikamfasiria.

“Usimfundishe jibu,” akasema. “Mtu aliyefundishwa jibu husikika.”

Nilikaa na simu sikioni. Nilijua namna hiyo ya kusikia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemsikiliza mtu hivyo mwaka mzima. Nikasema, “Mwanangu, sitakupa maneno. Sema unachokijua.”

Nikadhani laini imekatika.

“Ninachokijua,” akasema, “ni kwamba aliyenizaa siukumbuki uso wake. Na wewe ulinibeba mgongoni mpaka ziwani.”

“Basi hilo.”

“Hilo tu?”

“Yote mawili. Usimwache hata mmoja.”

Alivuta pumzi. “Na huyo anayeongea hapo ni nani?”

Nikamtazama Msakristia, kidevu chake hakijanyolewa vizuri, mikono haina tena harufu ya nta. “Ni kaka yangu,” nikasema.

“Kumbe baba mkubwa! Mpe shikamoo yangu.”

Nilipofasiri, mzee alicheka mpaka akakohoa, na dada wa Kikenya akaja mbio. “Mwambie nimeipokea,” akasema alipopata pumzi. “Ila asinitie kwenye fomu zao. Sina nguvu za mahojiano.”

Sikumwona tena akiwa hai. Alizikwa wakati wa Kwaresima, na kitambaa kilichofuta kalisi siku hiyo nilikipiga pasi mimi, vibaya. Byamungu walimhoji saa tatu nzima. Jibu lilikuja baada ya mwaka na zaidi, nasi tukampokea uwanja wa ndege akiwa na kifua kizima na sanduku lile lile. Dada mtawa aliniandikia kushukuru kwa maombi yetu. Nilimwuliza habari za Kardinali. Alijibu maswali yangu yote isipokuwa hilo, na mpaka leo sijui ukoo ule ulikuwa mkubwa kiasi gani.

Novemba, parokia inapokusanya majina ya marehemu wa kila ukoo ili waombewe altareni, niliandika jina la mdogo wangu, na chini yake nikaandika lile jina refu, vipande vyote vinne. Katibu alisoma, akaniangalia.

“Na huyu Mwitaliano pia ni wa ukoo wenu?”

“Ni wa kwetu.”

Hakuomba hati. Akaendelea kuandika.

Wewe unayesoma haya, Mungu akutazame kwa jicho jema kuliko lile nililomtazama nalo mwenzangu. Awalinde wako uliowazaa na wako uliowapokea, na akutaje kwa jina siku utakapoulizwa wewe ni wa nani. Amina.